Vyeti Sita, Wimbo Sufuri

Nina vyeti sita vya piano. Viko ndani ya faili ya plastiki chini ya kitanda changu hapa Kisii, na kimoja kati yavyo kina alama za juu kiasi kwamba mathe alikitolea nakala akawaonyesha wanachama wa chama chake. Na siku tulipomzika magokoro, upande wa Nyamira, si mbali na Keroka, nilishindwa kumpigia wimbo ambao kila mtu pale kwenye hema aliujua, pamoja na watoto wa nasari.

Ilikuwa hivi. Kinanda cha kanisa kilikuwa kimewekwa juu ya madawati mawili, jenereta inanguruma nyuma ya choo, spika zimeelekezwa kwenye migomba. Amu aliyekuwa MC akatangaza kwa mbwembwe kwamba sasa atapiga mjukuu wa marehemu, yule aliyesomea piano. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo, hakungoja mtu, na wengine wakaingia kwa sauti nne kama mlango unaofunguka. Mimi nikainama nikauliza, "Tuko ufunguo gani?"

Nyanya mmoja wa kiti cha mbele akanijibu kwa sauti ya kutosha, "Ufunguo wa nini? Mlango si uko wazi?"

Watu walicheka. Matangani. Nami nikaanza kwa C kwa sababu C ndiko nilikojua njia ya kurudi nyumbani, na wao walikuwa mahali fulani juu ya E bemoli, kwa hivyo tukasikika kama matatu mbili zinazogombania abiria. Ubeti wa pili nikatoa mikono. Kijana wa kidato cha pili, aliyekuwa akikunja nyaya za spika, akasogea, akabonyeza nota moja, akabonyeza nyingine, akacheza na kile kitufe cha kuhamisha sauti, akaingia. Hakuniangalia. Nikasimama kando nimeshika chupa ya maji, mgeni kwenye mazishi ya nyanya yangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nina hasira, na nimechukua muda kuamua nimkasirikie nani.

Nilifundishwa kwenye piano ya mbao ya shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Mnajua mvua ya Kisii, ile ya kila jioni. Mbao zilikuwa zimevimba hadi nota tatu za katikati zikishuka hazirudi, unaziinua kwa kidole. Mwalimu wangu alikuwa mtu mzuri, hakunichapa hata siku moja. Alikuwa na sheria moja tu: usiguse kisichoandikwa. Siku moja, nikiwa na miaka 13, nilikuwa nikipiga ile minueti ya G ambayo kila mtoto wa piano duniani hupitia. Mwishoni nikaongeza kitu. Kitu kidogo, vidole vilitembea tu. Akanisimamisha. "Wewe ni nani umrekebishe Bach?"

Swali hilo lilinikaa miaka kumi. Nilikuwa nikikaribia piano nalisikia. Halafu juzi juzi, nikiwa mtu mzima asiye na digrii na mwenye bando ya usiku, nikagundua kwamba minueti ile si ya Bach. Ilikuwa kwenye daftari la mke wake, Anna Magdalena, na kwa muda mrefu watu wakamtwika mzee, lakini mtunzi wake ni mtu anayeitwa Christian Petzold. Kwa hivyo nilinyamazishwa kwa jina la mtu ambaye hakuwepo. Na hata angekuwepo! Bach mwenyewe, mwaka wa 1747, alifika kwa mfalme Friedrich huko Potsdam, mfalme akampa kiitikio kigumu, na mzee akakaa kwenye piano akatunga fyuga ya sauti tatu papo hapo, wasikilizaji wakiwa wamesimama. Baadaye ndipo akaenda nyumbani akaandika. Karatasi ilikuja baada ya vidole. Sisi tunafundishwa karatasi kwanza, vidole baadaye, na masikio tutaona.

Beethoven je? Mwanafunzi wake Ferdinand Ries anasimulia kwamba mwaka wa 1800 huko Vienna alishindanishwa na mpiga piano aitwaye Steibelt. Beethoven akachukua karatasi ya selo ya wimbo wa Steibelt, akaiweka juu chini, akadonoa nota chache kwa kidole kimoja, kisha akazijenga hadi Steibelt akaondoka ukumbini kabla hajamaliza. Miaka mitatu baadaye alipiga konseto yake ya tatu ya piano kwa mara ya kwanza, na rafiki aliyekuwa akimfungulia kurasa alikuta nyingi ziko tupu. Alikuwa hajaziandika. Hebu mpeleke Beethoven huyo kwenye mtihani wangu wa gredi ya tano na kurasa zake tupu, uone kama atapita.

Lakini kisa kinachoniuma zaidi ni cha Naples, Italia. Neno "konsavatori", ambalo hapa Kenya tunalitamka kana kwamba tumevaa glavu nyeupe, lilianza huko kama jina la nyumba za mayatima. Kulikuwa na nyumba nne. Moja iliitwa kabisa nyumba ya maskini wa Yesu Kristo, na Pergolesi alisomea hapo. Watoto hawa hawakuwa na mzazi wa kuwalipia, kwa hivyo muziki ulikuwa ufundi wa kuwatoa kimaisha, kama useremala. Na walifundishwaje? Walipewa mstari mmoja wa besi, mkono wa kushoto tu, wakaambiwa: jaza juu yake. Leo jaza hivi, kesho vingine. Mtoto wa miaka kumi alijaza mistari hiyo mamia kwa mamia hadi mikono ikajua yenyewe. Kubuni papo hapo ndiko kulikuwa somo la kwanza la watoto maskini wa Ulaya. Ilipofika kwetu, sehemu hiyo ilikuwa imeshatolewa kwenye sanduku, tukaletewa glavu.

Sasa tuhesabu alama, kwa sababu sisi Wakenya bila alama hatuelewani. Bodi inayojulikana zaidi huku, ABRSM ya London, ipo tangu 1889. Mtihani wake wa kawaida wa piano una alama 150. Vipande vitatu ni 90, skeli 21, kusoma karatasi ngeni 21, usikivu 18. Kupita ni 100. Kubuni chako ni ngapi? Sufuri. Niwe mkweli, bodi hiyo ina mitihani tofauti ya piano ya jazi ambamo kubuni kumo, na Trinity humruhusu mtoto achague kubuni kama mojawapo ya majaribio. Kwa hivyo siwezi kusimama hapa niseme Waingereza wametufungia mlango. Mlango huo, kama wa yule nyanya, uko wazi. Ni sisi tusioupitia. Miaka yangu yote ya masomo hakuna mtu aliyewahi kuniambia upo. Mzazi anataka cheti cha kuning'iniza, mwalimu anataka orodha ya waliopita, na mtoto anataka kumaliza ili atoke. Hayo ni makubaliano ya watu watatu ambamo muziki haukualikwa.

Na juu ya makubaliano hayo tumeweka dharau. Umewahi kusikia msomi wa muziki akimzungumzia mpiga kinanda wa kanisa la kijijini? "Ah, huyo hupiga kwa masikio tu." Tu! Kwani wewe unapiga kwa nini, kwa pua? Hilo neno "tu" ndilo ninaloandikia makala haya yote. Limewafanya vijana wenye masikio ya dhahabu, kuanzia Suneka hadi Nyansiongo, waone aibu kusema ni wanamuziki. Limewafanya watu kama mimi tutembee na vyeti sita tukidhani tunajua kitu.

Nilienda chuo kusomea muziki, nikaacha mwaka wa pili. Nisiwadanganye, sikuacha kwa sababu ya falsafa. Ada iliisha. Lakini nilipokuwa huko nilifanya kitu cha ajabu: niliandika insha ya kurasa kumi kuhusu obokano bila kuwahi kukaa karibu na obokano. Mgusii mzima. Niliandika kwamba ina nyuzi nane, kwamba bakuli lake limefunikwa ngozi ya ng'ombe, kwamba ni kubwa na nzito kuliko vinubi vingi vya eneo hili. Nikapata alama nzuri. Kila sentensi ilikuwa ya kweli na sikujua lolote.

Baada ya yale mazishi nilimtafuta mzee mmoja anayeipiga, huko Nyamira juu ambako ukiangalia chini unaona majani ya chai hadi macho yachoke. Nilimkuta kwenye harusi. Amekaa kwenye kigoda, chombo kimesimama chini mbele yake, kinanguruma kama pikipiki iliyo mbali. Mkono ulikuwa ukizunguka mpigo mmoja, ule ule, ule ule, dakika tano nzima. Nikafikiri, sasa hii ni nini, mbona haendi popote? Halafu wageni wa upande wa bibi harusi wakaanza kuingia, na yule mzee akaanza kuwaimba. Aliyevaa suti kubwa kumliko akaimbwa suti. Aliyechelewa akaulizwa, ndani ya wimbo, kama alikuja kwa miguu kutoka Mombasa. Shangazi mmoja akasifiwa hadi akatoa mia mbili. Mpigo haukukatika hata mara moja. Akaniona na mimi, akainua kidevu, akauliza kwa kuimba mtoto huyu ni wa wapi. Mtu akamwambia. Nikaingia kwenye wimbo: jina langu, watu wangu, na kwamba nimesimama kama mtu aliyetumwa kudai deni.

Baadaye, akila, nilimuuliza alijifunzaje kubuni vile. Nilitegemea aniambie ni kipawa cha Mungu. Alinitazama kama mtu aliyeuliza ng'ombe hujifunzaje kula nyasi, kisha akasema alikaa kando ya mjomba wake miaka, akishika ule mpigo mmoja tu, haruhusiwi kuimba. Miaka! Mjomba aliimba, yeye akashika. Siku mjomba alipopata kikohozi katikati ya sherehe, yeye akafungua mdomo, na maneno yalikuwa pale.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tumedanganywa mara mbili. Uongo wa kwanza ni wa watu wa karatasi: kwamba kisichoandikwa si muziki. Wa pili ni wa watu wa kipawa: kwamba kubuni huzaliwa nako, ama unako ama huna, kaa chini. Huu wa pili ni mbaya zaidi maana unasikika kama sifa. Yule mzee alifundishwa. Yatima wa Naples walifundishwa. Yule kijana wa kidato cha pili alijifundisha kila Sabato kwa miaka, akikosea mbele ya waumini mia tatu, na hakuna aliyempa cheti kwa makosa hayo.

Kwa hivyo nilianza upya, nikiwa na miaka 24, kama mtoto. Nilichukua wimbo mmoja wa Nyimbo za Kristo ninaoujua tangu tumboni, nikafunga kitabu, nikatafuta sauti kwa kidole kimoja. Ilichukua jioni nzima. Mtu aliyewahi kupiga sonatina mbele ya mtahini wa kutoka ng'ambo! Kisha mkono wa kushoto peke yake, nikitafuta besi, nikagundua kwamba ubeti mzima ulikuwa ukiishi kwenye kodi tatu (tulia, si za KRA): ile ya do, ile ya fa, ile ya so. Tatu tu. Nilikuwa nimezipiga maelfu ya mara kwenye karatasi bila kujua kwamba ndizo zile zile, kama mtu anayepanda matatu ya njia moja kila siku akitazama simu, siku ameambiwa atembee anapotea.

Halafu nikauhamisha wimbo nota moja juu. Ukasambaratika. Nikaujenga tena. Kuna funguo 12, na nilikaa wiki karibu mbili kwa kila moja, ya F shapu ikanitoa machozi ya kweli. Kilichonisaidia ni kuimba kwanza. Sipigi nisichoweza kuimba, hata kwa sauti yangu mbovu. Na kilichonisaidia zaidi ni ule mpigo wa mzee: nashika kitu kimoja mkono wa kushoto, nakizungusha hadi kinichoshe, hadi kipite kuchosha, ndipo mkono wa kulia unaanza kusema. Nota tano tu za kwanza. Ukiongeza ya sita kabla tano hazijakuwa zako, unarudi kuropoka. Nikigonga nota mbaya sikimbii. Jirani yake wa karibu, juu au chini, mara nyingi ndiye niliyemtaka, natelezea kwake kana kwamba nilipanga. Mwalimu wangu wa zamani angeita huo ni wizi.

Najua mtakachosema, kwa sababu kuna rafiki yangu wa Nairobi ameshanisema. Ati ninawatukuza watu wa kijijini. Ati hao wapiga vinanda wa makanisa hurudia kodi zile zile nne, na midundo waliyoiba YouTube, na bila kile kitufe cha kuhamisha sauti wengi hawawezi kutoka ufunguo mmoja. Ni kweli, na inaniuma. YouTube nayo ni karatasi. Mtu anayenakili mkono wa mpiga kinanda wa Marekani, nota kwa nota, hadi kile kikohozi, yuko gerezani kama nilivyokuwa mimi, ila gereza lake lina taa nzuri. Sisemi tuchome vitabu. Kila asubuhi napiga Bach, Bach wa kweli safari hii, na sasa ndiyo kwanza ninamsikia, kwa sababu najua alikuwa na njia nyingine pale alipokunja kona.

Na hata ngoma zetu wenyewe tumezitendea hivyo hivyo. Tamasha la Muziki la Kenya lina mizizi ya tangu 1927, na nimelipenda tangu nikiwa mdogo. Lakini mnaijua ile tunayoita ngoma ya kiasili jukwaani: watoto 30 wa sare moja, dakika zimehesabiwa, kila hatua imefanyiwa mazoezi tangu Januari. Wimbo wa ribina, ambao mama zetu wangeurefusha ama kuukata kulingana na nani ameingia uwanjani, unasimama mbele ya majaji ukiwa umenyooka kama nywele zilizotiwa dawa. Tuliutoa kwenye karatasi usikokuwa, tukauandikia karatasi.

Inawezekana kufanya vingine, si ndoto. Zanzibar, kwenye taarabu, mpiga ganuni huingia na taksim kabla ya wimbo, anatembea peke yake ndani ya makamu bila karatasi, watu wakingoja. Na pale Mji Mkongwe kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kipo tangu 2002, ambako vijana wanajifunza taarabu na kusoma nota kwenye jengo moja. Sisi tuna obokano, tuna kwaya za solfa ambazo fundi seremala anasoma sauti nne bila kupepesa, tuna mtaala mpya unaosema sanaa ni njia kamili ya sekondari ya juu. Halafu mtoto anayeingia darasa la piano anaambiwa aache masikio yake mlangoni pamoja na viatu.

Siku hizi, makala zisipolipa, na aghalabu hazilipi, nafundisha watoto piano nyumbani kwao. Mmoja ana miaka tisa, wanaishi Nyanchwa, kinanda chao kina nota 61. Wiki jana tulikuwa tumefunga kitabu. Matatu ikapita nje na ile honi ya kuimba, mnaijua. Nikamwambia aitafute. Akaipata kwa majaribio manne. Nikamwambia aiwekee besi, akaweka do, akakunja uso, akabadilisha ikawa fa, akatabasamu peke yake bila kuniangalia.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Mwalimu, hiyo iko kwa silabasi?"

Nikamwambia hapana.

"Na mtihani ni lini? Maana binamu yake ameshafika gredi ya tatu."

Nikajaribu kumweleza. Nikataja Naples, nikataja Bach, nikaona uso wake ukifunga duka. Mwishowe nikamwambia kuhusu mazishi ya magokoro. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama ni kweli yule nyanya alisema hivyo, akacheka kidogo. Kisha akatoa simu akanitumia nusu ya pesa za mwezi. Hiyo nusu nyingine, akasema, tutaongea tukiona atakavyoendelea.

Mtoto hakuwa akitusikiliza. Alikuwa ameihamisha honi hadi F, na sasa alikuwa akiitafuta kwa G.